Usahihi Uliopindukia: Woga wa Lugha katika Bunilizi ya Kanda ya Ziwa, kutoka Ukerewe hadi Maduara ya Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mashaka ya mwandishi juu ya Kiswahili chake yanavyogeuka kuwa mazoea ya kimtindo. Eneo linalorejelewa ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, pamoja na Ukerewe, kisiwa jirani kilichotoa waandishi watatu wakubwa wa nathari. Inadaiwa kwamba wingi wa methali, msimulizi anayefafanua kila kitu na mazungumzo yaliyosanifishwa si dalili za uhaba wa kipaji. Ni usahihi uliopindukia, kwa maana inayotumika katika isimujamii, uliohama kutoka katika matamshi na kuingia katika utunzi. Kazi za Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi, Gabriel Ruhumbika na Kulikoyela Kahigi zinatumika kuonesha njia mbalimbali za kutoka katika woga huo, na athari zake kwa bunilizi inayohusu wachimbaji wadogo zinajadiliwa.

1. Utangulizi

Msomaji akifungua kamusi sanifu ya Kiswahili kutafuta neno duara, atakuta umbo la mviringo. Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, mkoani Geita, duara ni shimo la mchimbaji mdogo. Lina mwenyewe, lina watu wanaolichimba kwa makubaliano ya kugawana mawe, na lina matimba yanayozuia kuta zake zisiporomoke. Mtu huwa na duara, huuza duara, hufia duarani. Mawe yakitoka humo hupelekwa kwenye karasha, kisha mwaloni, ambako unga wake huoshwa na dhahabu kunaswa kwa zebaki. Mchanga unaobaki huitwa marudio, nao una bei yake. Ni msamiati wa Kiswahili mtupu. Hakuna hata neno moja katika hayo linalohitaji mkalimani kwa mtu aliyekaa Geita mwezi mmoja.

Hata hivyo, mwandishi wa hadithi aliyezaliwa katika mazingira hayo anapokaa kuandika, mara nyingi neno hilo humtia mashaka. Huliweka katika alama za kunukuu, au huliandika kisha akaongeza sentensi nzima ya ufafanuzi, au huliacha kabisa na kuandika shimo. Wahariri na walimu wa fasihi wanaifahamu miswada ya namna hii. Wanaifahamu pia hukumu inayotolewa juu yake: lugha nzito, methali nyingi, wahusika wanaozungumza kama taarifa ya habari. Hukumu yenyewe si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba huishia kumshauri mwandishi ajifunze Kiswahili zaidi, ilhali tatizo la maandishi hayo ni kwamba mwandishi amejifunza mno kukiogopa.

2. Woga wa lugha kama dhana ya uchambuzi

William Labov, katika utafiti wake wa mwaka 1966 juu ya Kiingereza cha New York, alionesha kwamba watu wa tabaka la chini la kati, wakiwa katika mitindo rasmi zaidi kama kusoma orodha za maneno, walilipita hata tabaka la juu la kati katika kutumia matamshi yenye hadhi. Hawakuwa na uzembe wa lugha. Walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi uliwasukuma kupita alama. Labov aliihusisha hali hiyo na kutojiamini kiisimu. Mzungumzaji anajua kuna kipimo, anaamini kipimo hicho ni cha watu wengine, naye anajipima kwacho bila kukoma.

Mfano wa kifonolojia uko karibu sana na Kanda ya Ziwa. Kisukuma hakitofautishi l na r kifonimu kama Kiswahili Sanifu kinavyofanya. Mzungumzaji aliyechekwa shuleni kwa kusema kalamu mahali pa karamu hujenga tahadhari, na tahadhari hiyo ndiyo humfanya siku moja aseme kurara akimaanisha kulala. Kosa la pili halitokani na Kisukuma. Limetokana na juhudi ya kukikimbia Kisukuma. Tofauti hiyo ni ndogo masikioni, lakini ndiyo msingi wa hoja inayofuata.

Mazingira ya kihistoria yaliyozaa kipimo hicho yanajulikana vyema kwa wasomaji wa taaluma hii, kwa hiyo yanapitiwa haraka. Lahaja ya Kiunguja ilifanywa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na BAKITA ikaundwa mwaka 1967. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba usanifishaji ulioleta lugha moja ya taifa ulileta pia jiografia ya uhalali. Pwani ikawa chimbuko, bara ikawa mpokeaji. Msukuma, ingawa anatoka katika jamii yenye watu wengi kuliko zote nchini Tanzania, alijifunza mapema kwamba katika Kiswahili yeye ni mgeni anayetakiwa kuvua viatu mlangoni.

3. Mazoea matatu

Zoea la kwanza ni methali. Methali ni mali iliyothibitishwa, haina mwandishi anayeweza kulaumiwa, na hakuna mhakiki atakayesema kwamba si Kiswahili. Kwa mtunzi mwenye mashaka, kila methali ni kama cheti kinachooneshwa getini. Ndiyo maana katika maandishi ya namna hii methali hujazana kwenye kurasa za mwanzo, pale ambapo mwandishi anahisi anakaguliwa, kisha hupungua kadiri hadithi inavyomteka mwenyewe. Inafaa kulinganisha na jina la mkusanyiko wa hadithi wa Gabriel Ruhumbika wa mwaka 1978, Uwike Usiwike Kutakucha. Nyuma ya jina hilo ipo methali ya jogoo, lakini jogoo ameondolewa na kitenzi kimehamishiwa nafsi ya pili, hivyo kwamba anayeambiwa ni mtu aliye mbele ya msemaji. Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa ameanza kwa Kiingereza na Village in Uhuru mwaka 1969. Alipoingia katika Kiswahili aliichukua methali na kuikata. Anayeomba kuidhinishwa hathubutu kukata methali.

Zoea la pili ni msimulizi mfafanuzi. Hapa suala si urefu wa ufafanuzi bali ni nani anayeambiwa. Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi: "Masanja aliteremka katika duara, yaani shimo ambalo wachimbaji wadogo huchimba ili kupata mawe yenye dhahabu." Neno yaani limemtoa Masanja katika hadithi yake. Mpaka neno duara, msomaji alikuwa amesimama ukingoni pamoja na wachimbaji. Baada ya yaani, amewekwa kwenye kiti cha mgeni rasmi anayetembezwa. Mwandishi ameandika juu ya watu wa Geita lakini amemwandikia msomaji wa mbali, na zaidi ya hapo amemdhania msomaji huyo kuwa hawezi kuelewa neno kwa muktadha. Wasomaji wa Kiswahili huelewa maneno kwa muktadha kila siku. Neno wananzengo, lenye asili katika nzengo ya Kisukuma, yaani ujirani na watu wake, leo husikika mbali sana na Usukuma bila ya yeyote kulitolea maelezo. Lilisafiri mdomoni.

(Aya iliyotangulia imetumia yaani kufafanua nzengo. Makala ya kitaaluma yanaruhusiwa kufanya hivyo. Riwaya ina msomaji wa namna nyingine.)

Zoea la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni kusanifisha mazungumzo ya wahusika. Mofimu moja inatosha kulionesha. Katika Kiswahili kinachozungumzwa Shinyanga, Geita, Mwanza na kwingineko katika eneo hilo, kitenzi huchukua kiambishi tamati -ga kuonesha mazoea: anakujaga, tunalimaga, huwaga. Walimu hukisahihisha kama kosa la lugha ya mama. Kihistoria maelezo hayo hayatoshi. Kisukuma kina -ag- ya mazoea kabla ya irabu ya mwisho, na umbo hilo limeundwa upya na wanaisimu linganishi kuwa la Kibantu Mame, likiwa limesalia katika lugha nyingi za familia hiyo. Kiswahili Sanifu kilibaki na hu- kwa kazi inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo mkulima wa Kishapu anaposema "tunalimaga pamba" haharibu lugha ya Kibantu. Anatumia kiungo cha zamani cha familia ambacho tawi la pwani liliacha kukitumia. Kwamba huwaga sasa husikika hata Dar es Salaam ni ushahidi kuwa wazungumzaji wameona kazi yake.

Kazi hiyo ni ipi katika hadithi? Sentensi mbili zifuatazo pia zimetungwa:

(1) "Mzee huyu huja hapa kila jioni kuuliza habari za mwanawe."

(2) "Huyu mzee huwa anakujaga hapa jioni, anamuulizia mtoto wake."

Habari ni ileile. Sentensi ya kwanza inaweza kusemwa na mtu yeyote, na kwa hiyo haisemwi na mtu fulani. Katika ya pili anasikika mtu: pengine mama lishe aliyeko mwaloni, aliyemwona mzee huyo jioni nyingi, na aliyekwisha kuacha kumjibu. Kiambishi -ga kimebeba jioni zote hizo. Mwandishi anayekiondoa kwa hofu ya kuonekana hajui Kiswahili anaondoa pia uchovu wa mama lishe, na baadaye hulazimika kuurudisha kwa sentensi ya maelezo: "Alisema kwa sauti ya kuchoka." Hivyo zoea la tatu huzaa la pili. Ndivyo ilivyo hata kwa ka- ya udogo. Katoto kale, kwa masikio ya Kanda ya Ziwa, kanaweza kuwa na huruma, dharau au mzaha kulingana na anayesema, na kitoto kile hakikai mahali pote ambapo katoto kale kangekaa.

4. Kezilahabi na kupungua kwa ufafanuzi

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Namagondo, Ukerewe, akisema Kikerewe. Uchambuzi huu hausemi lolote juu ya moyo wake, unasoma maandishi. Rosa Mistika (1971) iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu za kimaadili, na utata huo ulifunika kwa muda mrefu suala la mtindo wake. Sentensi zake ni fupi na msamiati wake ni wa kawaida, mbali na fasaha ya mapambo iliyokuwa imezoeleka kwa Shaaban Robert, mwandishi ambaye Kezilahabi mwenyewe alimfanyia tasnifu ya uzamili mwaka 1976. Lakini ndani ya nathari hiyo nyepesi kuna msimulizi asiyemwacha msomaji peke yake. Hukatiza tukio ili atoe kauli juu ya wasichana, wazazi au dunia. Sentensi ni za mtu anayejiamini, na kauli ni za mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hakueleweka vibaya.

Kichwamaji (1974) inalitatua tatizo hilo kwa kubadili nafsi. Kazimoto anasimulia mwenyewe, na kauli za jumla sasa zina mwenyewe. Zinaweza kuwa za kipumbavu, za kujihami, au za mtu anayeelekea kujiua. Msomaji ana haki ya kuzishuku. Kauli ileile ambayo katika Rosa Mistika ingekuwa hukumu ya mwandishi, hapa ni dalili ya mhusika. Mwaka huohuo Kichomi ilitoka na kuzusha ubishi mrefu juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na katika utangulizi wake mshairi alitetea matumizi ya lugha ya kawaida. Utetezi huo umesomwa kama suala la arudhi. Inafaa usomwe pia kama kauli ya mtu wa bara juu ya nani mwenye lugha.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ina umuhimu wa pekee hapa kwa sababu inamtoa Tumaini Ukerewe na kumpeleka Shinyanga, anakokuwa mkulima tajiri, hadi sera ya Ujamaa inapolifikia shamba lake naye anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kunyongwa. Kama riwaya ya mgongano wa mali na dola, ni miongoni mwa zile zenye nguvu zaidi za muongo wake. Kama riwaya ya Shinyanga, inaacha pengo. Msomaji anayetoka huko huona shamba, fedha na sheria. Wanaolima shamba hilo hawasikiki kwa uzito unaolingana na jasho lao. Nafsi ya tatu imerejea na hukumu zake zimerejea nayo. Ni kana kwamba mwandishi, akiwa kwa jirani, hakuwa na uhakika wa sikio lake kama alivyokuwa nao kisiwani. Gamba la Nyoka (1979), inayorudi Ukerewe, ina kicheko ambacho Shinyanga ya Tumaini haina.

Kisha ikaja Nagona (1990), na Mzingile (1991). Mengi yameandikwa juu ya falsafa ya vitabu hivyo viwili vyembamba. Kwa hoja ya makala haya jambo moja linatosha: msimulizi haelezi. Anaingia mahali pasipojulikana, anakutana na watu wasiotambulishwa, anaambiwa mambo yasiyofafanuliwa, na msomaji anaachwa njiani pamoja naye. Wahakiki waliolalamika kwamba Nagona ni ngumu walikuwa na sababu. Hata hivyo, ugumu huo ni wa mwandishi aliyeacha kuomba radhi. Kati ya 1971 na 1990 sentensi ya Kezilahabi haikubadilika sana. Ilibaki fupi na ya kawaida. Kilichoondoka ni yaani.

5. Kitereza na Kahigi

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba kujiamini huja na umri na shahada. Aniceti Kitereza (1896–1981) anaipinga dhana hiyo. Alimaliza kuandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, akiwa na nia ya kuwahifadhia watu wake maisha na lugha yao. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kikubwa katika lugha ya kisiwa. Baada ya miaka mingi aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka 35 kati ya mswada na kitabu ni adhabu kubwa kwa mwandishi yeyote, na hakuna nadharia ya mtindo inayoifanya kuwa njema.

Hata hivyo Kiswahili cha Kitereza hakina dalili ya woga. Watu wake husalimiana kwa urefu wanaostahili kusalimiana. Pombe hutengenezwa hatua kwa hatua, mgeni hukaribishwa, mkwe huombwa radhi, na hakuna anayeharakishwa. Msomaji aliyezoea riwaya ya matukio anaweza kuchoka. Mwandishi hamuombi msamaha. Ufafanuzi upo mwingi, tena wa mila na desturi, lakini hautokani na mashaka. Kitereza anafafanua kama mzee anayemfundisha mjukuu, wala si kama mtahiniwa anayemjibu msahihishaji. Msomaji wake wa kwanza alikuwa Mkerewe, na alipohamia Kiswahili hakumfukuza msomaji huyo. Alimwongezea wenzake. Kwa hiyo, wingi wa ufafanuzi peke yake hauwezi kuwa kipimo cha woga. Kipimo ni mahali anapokaa yule anayefafanuliwa.

Mfano wa pili unatoka ndani ya ukanda wa dhahabu wenyewe, ingawa ni wa ushairi. Kulikoyela Kahigi ni mwanaisimu wa jamii ya Wasumbwa, na baadaye alikuwa mbunge wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga kabla ya kuwekwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Mwaka 1976, pamoja na Mugyabuso Mulokozi wa Kagera, alitoa diwani iitwayo Malenga wa Bara. Jina hilo lilitolewa wakati ambapo wasomaji walikuwa tayari na Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo ya mwaka 1971. Malenga, kwa mazoea ya wakati huo, alikuwa mtu wa pwani. Kusema malenga wa bara kulikuwa karibu na kusema nahodha wa Shinyanga. Washairi hao wawili hawakusubiri ubishi wa nani mshairi umalizike ndipo wajiite. Walilichukua neno bara, lililokuwa likitamkwa kama kasoro, wakaliweka kwenye jalada.

Kahigi alitunga kamusi ya Kisumbwa pia. Ni vigumu kutohusisha kazi hizo mbili. Mtu anayejua kwa undani sarufi ya lugha yake ya kwanza hawezi kutishwa kirahisi na anayemwambia kwamba lugha hiyo ni chanzo cha makosa. Katika vyuo vya Tanzania uandishi wa kubuni hufundishwa mara nyingi mbali na isimu ya lugha za jamii, kana kwamba mtunzi hana haja ya kujua kwa nini nyanya yake husema anakujaga. Mpangilio huo unastahili kuangaliwa upya.

6. Methali inayomhukumu mchimbaji

Hadi hapa mazoea ya woga yamezungumzwa kama suala la mtindo. Kwa bunilizi ya wachimbaji ni zaidi ya mtindo, na methali moja inatosha kuthibitisha: tamaa mbele, mauti nyuma. Mwandishi anayetafuta hifadhi ya methali, akiwa na mchimbaji, dhahabu na kifo mkononi, hufikia methali hiyo karibu bila kutaka. Ikishaingia, imekwisha kupanga hadithi. Mchimbaji ana tamaa, duara linaporomoka, mjane analia, kijiji kinajifunza. Mwandishi alitaka cheti cha Kiswahili fasaha. Alichopata ni hukumu dhidi ya watu wake mwenyewe.

Maana mambo ambayo methali hiyo haiwezi kuyabeba ni mengi. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulizinduliwa mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo maelfu ya watu waliishi kwa uchimbaji mdogo katika ukanda huo. Bulyanhulu, wilayani Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 kupisha uwekezaji, na yaliyotokea siku zile yana ubishi hadi leo. Hapo kuna leseni, mipaka, mgawo wa mawe, bei ya mnunuzi wa dhahabu, na deni la mwenye duara kwa aliyemfadhili. Ni nyenzo za riwaya, na zote zinatoweka mara neno tamaa linapotamkwa.

Nyangalata, Kahama, mwezi Oktoba 2015, duara liliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Watano walitolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41. Vyombo vya habari vilieleza kwamba walikula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Taarifa zenyewe ziliandikwa kwa Kiswahili kikavu cha habari, bila methali, na yeyote aliyezisoma hakuhitaji kuambiwa afikirie nini. Si hoja kwamba mtunzi aige gazeti. Hoja ni kwamba siku 41 gizani zina hesabu zake, mazungumzo yake na mizaha yake. Mtunzi anayeziamini atahitaji kujua jinsi watu watano wanavyosemeshana kwa Kiswahili cha Kahama wakati hawana hakika kama kuna mtu anayewatafuta. Kiswahili hicho kina -ga ndani yake.

Yupo pia mwandishi ambaye woga wake ni wa namna nyingine. Chachage Seithy L. Chachage alikuwa mwanasosholojia aliyechunguza sekta ya madini nchini, na riwaya yake Makuadi wa Soko Huria (2002), inayohusu uporaji wa rasilimali katika soko huria, hubeba historia na ushahidi kwa wingi ambao si kila msomaji wa riwaya huuvumilia. Mashaka yanayosikika humo hayahusu Kiswahili. Ni mashaka kama hadithi peke yake itaaminiwa. Riwaya hiyo ina thamani, na ghadhabu yake imesaidia wengi kufikiri. Lakini inaonesha kwamba yaani ina ndugu wa kisomi, naye huja na takwimu.

7. Wahariri, waamuzi na swali lililobaki

Woga wa lugha hauondoki kwa mwandishi kuambiwa ajiamini. Ulijengwa na kalamu nyekundu na utaendelezwa au kupunguzwa na kalamu nyekundu. Tuzo za uandishi bunifu zimeongezeka, ikiwemo Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, na miswada kutoka mikoa ya bara inawafikia waamuzi kuliko zamani. Kigezo cha ufasaha wa lugha, kikitumiwa bila kutenganisha sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika, kitamwadhibu mwandishi aliyesikiliza na kumzawadia aliyenakili. Mhariri anayefuta -ga katika maneno ya mama lishe hatofautiani sana na anayembadilishia jina.

Nje ya Kiswahili kuna somo linalofaa kukumbukwa. The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola ilipotoka London mwaka 1952, baadhi ya wasomi wa Nigeria waliona haya kwa sababu ya Kiingereza chake, wakihofia kwamba wageni wangedhani Wanigeria wote huandika hivyo. Sifa za wageni nazo hazikuwa safi. Baadhi walikipenda kitabu kama kioja. Mwandishi wa Geita anakabiliwa na hatari hizohizo mbili: kuonewa haya nyumbani, na kupendwa ugenini kwa ajili ya ladha ya kienyeji. Kwa hiyo pendekezo la kuacha mazungumzo yasemwe jinsi yanavyosemwa lisieleweke kama mwaliko wa kunyunyiza Kisukuma kwenye ukurasa. Mhusika anayesema mwangaluka kila anapotokea, ili tu ionekane kuwa hapa ni Usukumani, ni zao la woga uleule, sasa ukiwa umevaa fahari.

Swali gumu zaidi linahusu msimulizi. Kuruhusu -ga, ka- na duara katika vinywa vya wahusika ni jambo ambalo wahariri wengi wanaweza kulikubali, kwa kuwa alama za kunukuu zinamlinda mwandishi. Lakini msimulizi wa nafsi ya tatu, asiye na jina wala kijiji, anaposema "Masanja alikuwa anashukaga duarani kabla ya wenzake," hakuna anayemlinda. Sentensi hiyo itasomwa kama kosa la mwandishi. Kezilahabi alilikwepa tatizo hilo kwa nafsi ya kwanza, Kitereza kwa mamlaka ya mzee. Anayetaka kuandika riwaya ya Nyarugusu kwa nafsi ya tatu, kwa Kiswahili cha Nyarugusu tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, atalazimika kwanza kupata mhariri mmoja atakayeisoma sentensi hiyo mara mbili kabla ya kunyanyua kalamu.